Ngoma yangu ilikuwa inalia kama debe

Mwalimu wa kwaya alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, kama mgeni anayerudisha sahani ya mchuzi uliochacha. Akanitazama. "Afande, hii ni ngoma au debe la mafuta?"

Mimi si askari. Nilizaliwa na kukulia kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala, baba akiwa koplo aliyetoka Arua. Kambini Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, Mlugbara, Mwacholi, Mteso na Msamia, na mtoto wa kambi akiitwa afande kwa utani hana pa kukimbilia. Siku hiyo lakini utani haukunichekesha. Nilikuwa nimekesha siku tatu nikitengeneza rekodi ya nyimbo zao nne, ndani ya chumba changu cha kupanga Kibuli, chini kidogo ya kilima cha msikiti, na nilidhani nimemaliza kazi.

Vifaa vyangu vilikuwa laptopu iliyokwisha kufunguliwa na mafundi mara mbili, programu ya muziki ya FL Studio, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya maiki, na maiki mbili. Moja ilikuwa Shure SM57, ile iliyoanza kutengenezwa 1965 na ambayo mpaka leo utaikuta mbele ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, kwenye majukwaa ya dunia nzima. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Ya pili ilikuwa ya kondensa, ya bei ya chini, haina hata jina. Kwa vifaa hivyo watu wengi wamerekodi kazi nzuri. Kwa hiyo tatizo halikuwa vifaa, ingawa kwa mwaka mzima ndivyo nilivyojidanganya.

Baada ya mwalimu kuondoka nilifanya alichofanya kila prodyuza wa chumbani niliyewahi kumjua: nilirudi kwenye kompyuta. Nikapandisha besi kwenye ikwalaiza. Ngoma ikawa debe lenye besi. Nikaweka kompresa, ile inayobana sauti kubwa, ikawa debe lililo karibu zaidi na sikio. Nikaongeza mwangwi, ikawa debe lililotupwa kisimani. Ukitia chumvi kwenye wali ulioungua unapata wali ulioungua wenye chumvi, na mimi nilikuwa natia chumvi kwa kijiko cha kupakulia.

Mwisho nikakata tamaa, nikafuta ngoma zote na kuweka sampuli, yaani milio iliyokwisha kurekodiwa na wengine, nilizozipakua intaneti. Zilikuwa safi, nzito, zinatetemesha meza. Mwalimu akasikiliza nusu wimbo, akasema, "Hii ni ya redio. Si yetu." Alikuwa na haki. Mpigaji wa kweli hapigi mahali pamoja mara mbili. Kiganja kikitua katikati ya ngozi kinatoa sauti nene, kikitua ukingoni kinatoa mlio mkali, na kikikaa juu ya ngozi bila kuondoka kinaufunga mlio. Mimi nilikuwa na sampuli tatu zinazojirudia wimbo mzima kama mtu anayesoma neno moja kwenye bango.

Aliyeniambia ukweli ni yule kijana anayepigia kwaya ngoma. Alikuja siku moja kuchukua kofia yake aliyoisahau, akaiona ngoma pembeni, akaibisha kwa kidole kimoja. "Kaka," akasema, "hii ngoma imekufa. Wewe unarekodi maiti."

Ngoma ile niliinunua kwenye duka la mapambo ya watalii. Ilipakwa rangi, imechorwa twiga, na manyoya bado yamebaki kwenye ngozi upande mmoja. Ilikuwa nzuri kuitazama. Jumamosi iliyofuata tuliibeba tukapanda taksi za Masaka, na kwa walio nje ya Uganda niseme kwamba taksi kwetu ni matatu. Tulishuka Mpambire, wilaya ya Mpigi, kabla hujafika Kayabwe ambako watalii hupigia picha mstari wa ikweta. Mpambire hutahitaji kuuliza njia. Ngoma zimepangwa kando ya barabara kuanzia za kuchezea watoto hadi zile ambazo mtu mzima akichuchumaa nyuma yake haonekani, na ngozi zimewambwa chini juani kwa vigingi.

Mzee tuliyemkuta alikuwa na Kiswahili cha sokoni na Luganda yangu ni ya kuombea maji, tukaelewana katikati. Sikumaliza kumweleza mambo ya maiki. Alichukua ngoma yangu, akaiweka kati ya magoti, akaanza kuigonga kwa fundo la kidole, vidole vitatu kutoka ukingoni, akiizunguka polepole kama mshale wa saa. Ko. Ko. Ku. Ko. Ki. Akasimama.

"Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Umesikia nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Akarudia, sasa akiimba kila mlio kwa mdomo baada ya kugonga: ko, ko, ku, ki. Ndipo nikasikia. Kila upande wa ngozi ulikuwa na sauti yake. Upande wenye manyoya ulikuwa umelegea, upande wa pili umevutwa kupita kiasi, na ukiipiga katikati pande zote hizo zinagombana, mlio unatoka mfupi, umechafuka. Hiyo ndiyo sauti ya debe. Nilikuwa nimeitafuta dawa yake kwenye ikwalaiza, kumbe ilikuwa kwenye kamba.

Kwa Waganda ngoma ni familia. Embuutu ni ile kubwa, ndiyo inayozungumza. Empuunyi inashika mapigo yasiyobadilika, kama mtu anayetwanga. Nankasa ni ndogo, inapigwa kwa vijiti, kali. Engalabi ni ndefu, nyembamba, ngozi upande mmoja tu, inapigwa kwa mikono. Hizi nyingine ngozi yake ni ya ng'ombe, juu na chini, na ngozi hizo mbili zinavutana kwa kamba za ngozi zilizosukwa kuizunguka ngoma yote. Ukitaka kubadilisha mlio, unashughulika na zile kamba. Engalabi ngozi yake ni ya kenge na imepigiliwa kwa vigingi vidogo vya mti, haina kamba ya kuvuta, kwa hiyo mpigaji huipeleka juani au karibu na moto mpaka ngozi ikaze. Haya niliyaona nikiwa mtoto kwenye sherehe, wazee wakiwa wamezungushia ngoma moto wa mabua, na siku zote nilidhani ni mambo ya mila. Kumbe walikuwa wanatuni.

Mzee hakutaka kuirekebisha ile ya twiga. Alisema mti wake ulikatwa mbichi na umeshapasuka kwa ndani, akanionyesha ufa kwa kutia ukucha. Nikanunua embuutu nyingine, ya mti wa musizi, haina mchoro wowote. Kabla hajanipa aliigonga mbele yangu ukingo wote, mara mbili, akavuta kamba sehemu mbili, akagonga tena. Halafu akanipa mimi nigonge. Hapo tulikaa labda nusu saa. Sijawahi kulipa ada ya shule iliyonifaa kama nauli ya siku ile.

Nilirudi Kibuli nikidhani sasa mambo yamekwisha. Nikaweka ngoma katikati ya chumba, maiki mbele yake, kijana akapiga. Chumbani ngoma ilinguruma vizuri sana, hasa nikisimama karibu na mlango. Kwenye rekodi besi haikuwepo. Ilikuwa imeondoka kama imeitwa nje.

Hili lilinisumbua wiki nzima na nitakaa nalo kidogo, kwa sababu sijaona watu wa kwetu wakilizungumza. Chumba changu ni cha mita tatu kwa tatu. Sauti hewani hukimbia karibu mita 343 kwa sekunde. Ukigawa mwendo huo kwa upana wa chumba mara mbili, yaani mita sita, unapata kama 57, na mapigo 57 kwa sekunde ni pale pale kwenye tumbo la ngoma kubwa. Wimbi la sauti hiyo linaenda ukutani na kurudi, linakutana na mwenzake, na linasimama: karibu na kuta linakuwa kubwa, katikati kabisa ya chumba linajifuta. Na kwa kuwa urefu na upana wa chumba changu ni sawa, linajifuta mara mbili mahali pamoja. Mimi niliweka ngoma hapo hapo, na maiki hapo hapo. Ndiyo maana mlangoni ilinguruma.

Nilisogeza ngoma mpaka theluthi moja ya chumba, mbali na katikati na mbali na kona. Nikamwambia kijana aendelee kupiga pigo moja tu, mimi nikatembea na maiki mkononi, hedifoni masikioni, nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Kuna mahali sauti ilijaa ghafla. Nikachora alama ya msalaba sakafuni kwa chaki. Mke wangu ameifuta mara kadhaa akipiga deki, na kila mara nimeirudisha.

Kuhusu kuta: nilikuwa nimebandika trei za mayai ukuta mzima, trei zaidi ya sitini, nilizokusanya kwa wauza rolex, chapati zetu za mayai, wa mtaa mzima. Niliziondoa zote. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Inavuruga kidogo sauti za juu kabisa, na besi inaipita kama haioni. Kilichonisaidia ni godoro. Nililisimamisha nyuma ya ngoma, nikaliacha mbali na ukuta kiasi cha kiganja kupita, maana nafasi ile ya hewa nyuma yake inalisaidia kunyonya hadi sauti za chini zaidi. Lakini si kila godoro. Weka mdomo kwenye sponji na pulizia. Hewa ikipita, litafaa. Ikigoma, hilo ni la kulalia tu. Halafu kuna mablanketi mazito ya mtumba kutoka soko la Owino, mawili yakaning'inizwa dirishani na mlangoni. Ukipiga kofi chumbani sasa hausikii ule mlio wa kengele kutoka ukutani. Kwa 57 zangu godoro halifanyi kitu, hilo nimekubali. Hizo ni za kukimbia tu, huzinyonyi.

Siku nilipoongeza maiki ya pili nilikaribia kuiuza kadi ya sauti. SM57 niliiweka juu, kama upana wa mkono kutoka ukingo wa ngozi, ikitazama nusu ya njia kuelekea katikati. Ile ya kondensa nikaiweka chini, karibu na ngozi ya nyuma, kwa kuwa huko ndiko unene unakotokea. Kila moja peke yake ilikuwa tamu. Ukizifungua zote mbili, ngoma inakuwa karatasi.

Kijana akacheka. Mimi nikazima moja, nikawasha, nikazima. Halafu nikavuta picha ya mawimbi kwenye skrini mpaka ikawa kubwa, nikaiona: pale mstari wa maiki ya juu unaposhuka, wa chini unapanda. Na ukifikiri ni jambo la wazi kabisa. Kiganja kinaposukuma ngozi chini, inaikimbia maiki ya juu na wakati huo huo hewa inasukumwa kuelekea maiki ya chini. Moja inasikia kuvutwa, nyingine inasikia kusukumwa. Ukizijumlisha zinafutana, kuanzia kwenye besi. Programu karibu zote zina kitufe cha kugeuza wimbi juu chini. Nilikibonyeza kwenye treki ya chini, na kijana aliyekuwa bado anacheka akanyamaza, akasogea mwenyewe kwenye spika.

Tangu hapo sirekodi kitu kwa maiki mbili bila kusikiliza kwanza zikiwa pamoja, wimbi likiwa hivi na likiwa vile. Ni kazi ya sekunde kumi.

Dramu za kizungu za kanisa la kambini ziliniletea toleo jingine la shida hiyo hiyo. Hapo ningependa mpigaji wa dramu anisamehe, maana nilimsumbua jioni nzima. Kwanza tulituni. Mbinu ya mzee wa Mpambire inafanya kazi vile vile kwenye ngozi ya plastiki: unagonga karibu na kila skrubu, unalinganisha, unakaza skrubu zinazotazamana, si zinazofuatana. Ngozi ya chini ya snea ilikuwa haijaguswa tangu iliponunuliwa. Ngozi ya kiki, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, ilikuwa imelegea hadi ina mikunjo. Ndani ya kiki nilitia blanketi moja dogo, ligusane kidogo tu na ngozi. Hilo si ugunduzi wangu: 1966 huko London, mhandisi Geoff Emerick alitia sweta la sufu ndani ya kiki ya Ringo Starr wa Beatles na kusogeza maiki karibu kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu, na watu bado wanaiga mlio ule. Ila kwetu nimeona kiki zimejazwa mito mpaka juu. Hapo umeshaziba mdomo wa ngoma, na utakaporudi nyumbani utaanza tena habari ya chumvi.

Niliazima kadi ya matundu manne. Mpango wangu ulikuwa ule wa Mwingereza Glyn Johns, aliyerekodi bendi kubwa za roki tangu miaka ya 1960 kwa maiki chache: moja juu ya snea karibu mita moja, moja pembeni upande wa tomu kubwa ikitazama kuelekea haihati, yale matoazi mawili yanayogongana, na moja kwenye kiki. Siri yake ni kwamba zile mbili za kwanza ziwe umbali mmoja kutoka katikati ya snea. Si karibu na sawa. Sawa. Sauti inachukua kama milisekunde moja kutembea sentimita 34, na tofauti ya sentimita 30 tu inatosha kuikausha snea.

Hatukuwa na futi. Mtoto wa mhubiri akaleta kamba ya katani. Nikamwambia abane ncha moja kwa kidole gumba katikati ya snea, nikaivuta hadi kichwa cha maiki ya juu, nikafunga fundo. Halafu nikaizungusha ile kamba, bado kidole cha mtoto kiko pale pale, mpaka kwenye maiki ya pembeni. Fundo lilipita maiki kwa kiganja kizima. Kwa macho ningeapa zilikuwa sawa. Nilisogeza stendi nyuma kidogo kidogo mpaka fundo likaigusa waya ya maiki, mtoto akiuliza kila mara kama aachie. Tuliporekodi, snea ilikaa katikati ya hedifoni kama imepigiliwa msumari. Kamba ile ninayo, iko kwenye begi la nyaya, na fundo lake sijalifungua.

Mambo mengine niliyajifunza kwa hasara na yanatosha maneno machache. Umeme wetu unakwenda mapigo 50 kwa sekunde, na chaja mbovu ya laptopu inaweza kukuimbia hayo mapigo chini ya wimbo mzima, kwa hiyo mimi huchomoa chaja na kurekodi kwa betri. Kiwango cha sauti nacho kilinilaza njaa mara moja. Mpiga ngoma ukimwambia ajaribu, anapiga kama anabisha hodi kwa wakwe. Wimbo ukikolea anapiga kama anavunja mlango. Nilipanga kiwango kwa hodi. Mizani ya kompyuta inaishia sifuri, na kila kilichopita sifuri kinakatwa kichwa. Nikapoteza usiku mzima wa kazi, na mpigaji nilimlipa mara mbili. Siku hizi namwomba apige sehemu ya mwisho ya wimbo, ile ya kelele, na kilele nakiacha kwenye desibeli 12 au 10 chini ya sifuri. Ukirekodi kwa biti 24 hakuna unachopoteza.

Kwenye kumiksi sasa nafanya kidogo sana, na wakati mwingine mteja ananitazama kama nimemwibia. Napunguza sauti za kiboksi, pale mapigo 300 hadi 400 kwa sekunde, desibeli tatu au nne. Nakata uchafu ulio chini ya 35. Kompresa naichelewesha kama milisekunde 20 au 30 kabla haijabana, ili ule mlio wa kwanza wa kiganja upite salama. Zamani niliiweka milisekunde moja kwa kuwa kijana mmoja alinishauri hivyo, nikawa nakata kucha za kila pigo. Kisha nasikiliza kwenye simu, nasikiliza kwenye taksi dereva akikubali, na ndiyo basi.

Kosa ninaloona aibu kulisimulia ni la kunyoosha mapigo. Kijana alipiga baakisimba, dansi ya Waganda, na mimi kwenye skrini nikaona mapigo hayakai juu ya mistari. Nikabonyeza kitufe, yote yakajipanga kama askari kwenye gwaride. Alipokuja kusikiliza aliniuliza nani huyo anayepiga. Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Si mimi. Huyu mkono wake umevunjika." Mistari ya programu yangu ilikuwa inaligawa kila pigo katika vipande vinne, na mwendo wa baakisimba unaligawa katika vitatu. Nilikuwa nimechukua dansi ya watu ya karne nyingi na kuilazimisha ivae kiatu cha mtoto. Nilibadilisha mistari ikawa vipande vitatu, ikawa bora, lakini bado mfu, kwa sababu mpuunyi yake kwa kawaida inachelewa unywele mmoja nyuma ya mbuutu na huo unywele ndio unaozungusha viuno vya watu. Nikarudisha alivyopiga. Nilirekebisha pigo moja tu, lile alilokosea kweli, naye alinionyesha mwenyewe ni lipi.

Nyimbo za kwaya tulizirudia mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimeshika. Mchana hakuna kazi inayofanyika chini ya mabati mvua ikinyesha, hata uwe na godoro la dhahabu, kwa hiyo tulipanga saa mbili usiku. Mvua ilikuwa imekatika, ila hewa ilikuwa nzito na ngoma zilikuwa zimelala chumbani tangu asubuhi. Ngozi ya mnyama inakunywa unyevu. Kijana aligonga ngalabi, ikajibu *bwa*, kama kuku aliyekanyagwa.

Tulibeba sigiri mpaka barazani. Usithubutu kuiwasha chumbani ulikofunga madirisha kwa mablanketi, hewa ya makaa inaua watu kimya kimya. Kijana akachuchumaa, ngalabi ameilaza kwenye paja, uso wake ukitazama makaa kwa umbali wa mkono mmoja, akiizungusha na kuigonga kwa kidole. *Bwa. Bwo. Bo.* Hakuwa na haraka. Bodaboda zilipita kwenye matope. Adhana ya isha ilianza kule juu kilimani, sote tukanyamaza na yeye akaendelea kuizungusha ngoma bila kuigonga. Adhana ilipokwisha akagonga tena. *Ta.* Akaondoa haraka, akaingia ndani, akaketi juu ya alama ya chaki, nami nikabonyeza kitufe chekundu kabla ngozi haijabadili nia.

Tulipiga mara mbili tu. Ya pili ndiyo iliyobaki.

Wiki moja baadaye mwalimu wa kwaya alirudi, akavaa hedifoni, akafumba macho. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu na nadhani hakujua. Ulipoisha wa nne alizivua, akaziweka mezani.

"Afande, mbona soprano hawasikiki? Ngoma imewafunika."

Nikashusha ngoma desibeli mbili.